Uzoefu wangu na kinasa data cha sensa mbili: kutafuta chanzo cha injini ya rota kumisi

Kifaa ninachokizungumzia ni kinasa data cha injini chenye sensa ya oksijeni na kipimajoto cha moshi kwa kila rota (kipande cha pembetatu kinachozunguka ndani ya injini badala ya pistoni), pamoja na njia za ziada za kupima shinikizo la mafuta ya petroli, volteji ya betri na idadi ya ishara zinazotoka kwenye sensa ya mzunguko wa shafti. Nimekifunga kwenye ndege ya viti viwili niliyoijenga mwenyewe, inayoendeshwa na injini ya Mazda 13B kupitia giaboksi ya kupunguza mwendo yenye uwiano wa 2.85 kwa 1. Ninakipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya ushauri unaotolewa na programu yake, ambao kwa injini inayomisi humwelekeza mtu kusiko; vipimo vyenyewe sina neno navyo.

Anayetaka kununua kifaa cha namna hii ni vizuri aelewe kwanza kwa nini injini ya rota inasumbua kuichunguza. 13B ina rota mbili, kila moja ikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 654, na kila rota huwaka mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. Kila rota ina plagi mbili: ya kutangulia, ambayo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, na ya kufuatia, ambayo humalizia kuwasha mchanganyiko uliobaki nyuma. Plagi ya kutangulia ikifa, ile ya kufuatia huendelea kuwasha kwa kuchelewa, na rubani huenda asihisi zaidi ya upungufu mdogo wa nguvu. Kinga hii ni nzuri angani, lakini kwa fundi ni pazia, kwa kuwa hitilafu ya kwanza hujificha mpaka ya pili inapotokea, na zikishakutana dalili huja zimechanganyika.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Chini, injini ilikuwa safi katika kila jaribio, hata nilipozima seti moja ya plagi na kuacha nyingine kabla ya kuruka. Tatizo lilijitokeza wakati wa kupanda, boneti ikiwa imeshapata joto na shafti ikizunguka karibu mara 6,000 kwa dakika: mtikisiko mfupi, nguvu kushuka, kisha injini kutulia mara tu nilipopunguza mafuta na kugeuza pua kurudi uwanjani. Dalili kama hiyo inaweza kuletwa na mafuta yanayogeuka mvuke kwenye bomba lenye joto, sensa ya mzunguko inayopokea kelele za umeme, injekta za pili (zile zinazoongeza mafuta mzigo unapokuwa mkubwa) zinapoanza kufungua, koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) iliyochoka, au waya tu. Kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha ni ghali, na kila jaribio la kubahatisha linamaanisha kupaa tena na injini usiyoiamini. Hilo ndilo lililonifanya ninunue kinasa hiki.

Ufungaji haukuwa na shida kubwa, ila kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa kufikiria injini za kawaida za pistoni. Moshi wa rota hutoka ukiwa wa moto mno. Si ajabu kuona zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi. Sensa ya oksijeni ikiwekwa karibu na tundu la ekzosi kama mchoro wao unavyoonyesha, haitadumu. Nilichomelea vishikizo vya sensa mbali zaidi, kila kimoja kwenye tawi lake, lakini kabla ya mahali matawi mawili yanapoungana, kwa sababu thamani yote ya kifaa imo katika kutenganisha rota moja na nyingine. Vipimajoto vilivyokuja ndani ya boksi vimestahimili joto hilo bila kuyumba.

Kuhusu vipimo vyenyewe, kinasa huandika mistari kumi kwa sekunde. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika kila rota huwaka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kila mstari unabeba miwako kumi ya kila rota. Mwako mmoja ukikosekana hutauona, na kipimajoto chenyewe kina uzito wake wa kuitikia. Hata hivyo, injini inayomisi kiasi cha kuitikisa ndege haikosi mwako mmoja tu, na kwa kazi hiyo kasi hii inatosha.

Sasa nije kwenye lawama. Sensa ya oksijeni haipimi mafuta. Hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Rota isipowaka, hewa yote iliyoingia hutoka na oksijeni yake, nayo sensa huripoti kwamba mafuta ni machache, hata kama petroli mbichi inamwagika kwenye ekzosi. Programu ya kifaa hiki huonyesha onyo jekundu la mafuta machache na kumshauri mtumiaji aongeze mafuta katika sehemu hiyo ya ramani, yaani jedwali ambalo kompyuta ya injini hulifuata kupima mafuta. Kibaya zaidi, kipo kipengele cha kujirekebisha ambacho, kikiunganishwa na kompyuta ya injini, huongeza mafuta chenyewe. Kwa rota ambayo haiwaki, hatua hiyo hulowesha plagi na kurundika petroli kwenye bomba la moto, na injini ikiwaka tena ghafla, mlipuko ndani ya ekzosi unaweza kupasua kizuia sauti. Kipengele hicho nilikizima kabla ya safari ya kwanza, na ningemwomba kila mwenye injini inayomisi akizime. Niliwaandikia watengenezaji kuhusu jambo hili. Mtaalamu wao alinijibu kwa adabu na kwa haraka, akakubali hoja, ila hadi leo onyo lile lipo vile vile.

Dawa ni kusoma oksijeni na joto kwa pamoja, na hapo ndipo kinasa kinapoanza kulipa gharama yake. Rota iliyokosa moto kabisa huonyesha oksijeni nyingi huku joto la moshi likishuka. Rota iliyopoteza plagi moja hufanya kinyume: mwako huchelewa, sehemu ya moto huishia kwenye ekzosi, na joto hupanda ilhali oksijeni haibadiliki sana. Rota yenye upungufu wa kweli wa mafuta ina sura yake nyingine, na mara nyingi shinikizo la mafuta huwa limeshaanza kuyumba.

Grafu za ndege yangu zilionyesha rota ya mbele ikiwa imetulia muda wote. Rota ya nyuma, kwa upande wake, ilianza kupanda joto muda kabla ya mtikisiko wowote, oksijeni ikiwa karibu pale pale. Kisha, katika kilele cha kupanda, oksijeni iliruka juu na joto likaporomoka kwa vipindi vifupi. Shinikizo la mafuta, ambalo rota zote mbili hulitegemea, lilikuwa mstari mnyoofu. Idadi ya ishara za sensa ya mzunguko haikupungua hata moja. Kwa hiyo pampu, chujio, mvuke na sensa ya mzunguko viliondoka kwenye orodha kwa pamoja, na nikabaki na mfumo wa kuwasha wa rota moja.

Injini yangu ina koili nne, moja kwa kila plagi. Nilihamisha koili za rota ya nyuma kwenda ya mbele na za mbele kwenda nyuma. Hitilafu ilibaki nyuma, kwa hiyo koili hazikuwa na hatia. Kisha nilirudia jaribio la kuzima seti moja ya plagi, safari hii mara tu baada ya kutua, joto likiwa bado limefungiwa ndani ya boneti. Nilipozima plagi za kufuatia, rota ya nyuma ilikata mara moja. Jaribio lile lile injini ikiwa baridi lilikuwa likipita bila kasoro, na tangu hapo silithamini sana jaribio la asubuhi peke yake.

Soketi za koili zilikuja zimeshafungwa kwenye mkungu wa waya ulionunuliwa tayari. Nilichomoa soketi zote nne na kuchomeka ndani ya kila tundu la umeme pini ya chuma yenye unene sawa na ile ya koili. Kwenye soketi tatu pini ilishikwa hadi nikaivuta kwa nguvu kidogo. Kwenye ile ya plagi ya kutangulia ya rota ya nyuma, pini iliteleza na kuanguka kwa uzito wake, na ukingo wa tundu ulikuwa na alama ya kahawia ya kuungua. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikipandisha joto. Kuhusu mtikisiko, jibu lilikuwa kwenye plagi ya kufuatia ya rota hiyo hiyo: ilikuwa na ukoko wa kijivu wa madini ya risasi. Tundu la plagi ya kufuatia ni jembamba kwa makusudi, ili gesi isivuje sana kutoka chumba kimoja kwenda kingine ncha ya rota inapopita hapo, na petroli ya ndege ya 100LL inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita. Plagi chafu huweza kuwasha kwa mzigo mdogo na kushindwa shinikizo la chumba linapopanda, na hapo ikiwa haina mwenzake, rota haina moto tena.

Baada ya kubadilisha tundu lile la umeme lililolegea na plagi ile chafu, mistari ya joto ya rota mbili sasa hupanda na kushuka pamoja katika kila kupaa.

Risasi hiyo hiyo huua sensa za oksijeni, kwa hiyo anayetumia 100LL ahesabu sensa kuwa kipuri cha kubadilishwa mara kwa mara, jambo ambalo muuzaji halitaji popote. Lipo pia toleo la bei nafuu lenye sensa moja inayowekwa baada ya matawi kuungana. Kwa injini ya rota mbili silipendekezi, kwa kuwa hewa ya rota iliyokosa moto huchanganyika humo na moshi wa ile nzima, na namba inayotoka haimwelezi fundi aanze kufungua upande gani.