Duka la jumla nyuma ya soko la Kongowea, Mombasa: nyota mbili

Mimi napika mahamri Kisauni, na sukari nimenunua hapa miaka sita. Mizani yao ni ya haki, unga hauna wadudu, na mzigo huniletea kwa tuktuk hadi mlangoni. Nyota mbili ni za hayo.

Wiki moja kabla ya Ramadhani nilikwenda kutafuta sukari niliyozoea kulipa 160 kwa kilo. "Imekwisha, mamangu." Natoka tu, uchochoroni namkuta kijana wa duka hilohilo akiiuza 250, kwenye magunia yenye alama yao nyekundu! Nilinunua kilo kumi, ningefanyaje? Wateja wangu hawaongezi hata shilingi tano kwa hamri.

Bei ikipanda kiwandani, nalipa bila kunung'unika. Kuficha kisha kuuza kwa mlango wa nyuma ndiko nataka kuwe kosa la kushtakiwa. Tangu 2011 Kenya ina sheria inayompa waziri uwezo wa kuweka bei ya juu kabisa ya bidhaa muhimu. Aitumie, hasa Ramadhani.

Siku hizi nanunua Mwembe Tayari, na navuka daraja la Nyali kwa matatu na gunia mapajani.