Hita ya Maji kwa Gari la Kambi: Ipi Inunuliwe na Ipi Iachwe Dukani

Anayegeuza gari dogo la mizigo kuwa chumba cha kulala huanza na kitanda, akaja kwenye jiko na taa, na maji ya moto huyakumbuka mwishoni, wakati nafasi imekwisha na fedha zimepungua. Hapo ndipo hita huchaguliwa kwa kuangalia bei na ukubwa wa boksi, ilhali swali la kwanza lingekuwa jingine kabisa: je, gari hili tayari lina nishati gani ambayo haitumiki? Mpangilio ninaoutoa hapa, kutoka chaguo bora hadi la mwisho, unategemea swali hilo.

Kabla ya kulinganisha chochote, ni vyema kuifahamu hesabu moja. Kupasha lita 10 za maji kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 60 za selsiasi kunahitaji takriban kilowati-saa 0.52, na hakuna kifaa chochote, hata kiwe ghali namna gani, kinachoweza kuipunguza. Maji hayo yakichanganywa na ya baridi hutoa kiasi cha lita 18 za maji ya nyuzi 40, na kwa shawa inayotoa lita 4 kwa dakika, mtu mmoja huoga kwa dakika nne na nusu. Kwa hiyo tangi la lita 10 linawatosha watu wawili wanaojua kufunga bomba wakati wa kujipaka sabuni. Tangi la lita 20 huonekana zuri dukani, lakini huongeza kilo 10 za maji katika gari ambalo uzito wake pengine umeshakaribia kikomo, na muda wa kusubiri huwa mara mbili.

Nafasi ya kwanza naipa tangi linalopashwa na injini, hasa lile lenye pia koili ya umeme wa volti 230. Injini inayotembea hutupa joto jingi hewani kupitia rejeta. Tangi la aina hii huyapitisha maji ya rejeta, ambayo huwa na joto la nyuzi 80 hadi 90, ndani ya bomba lililojikunja katikati ya maji ya kuogea, bila maji hayo mawili kukutana. Safari ya nusu saa hivi hutosha kwa tangi dogo, na tangi lililofunikwa vizuri kwa povu nene huweza kubaki na maji ya kuogea hadi asubuhi. Halina moto, halitoi moshi, na halihitaji tundu la ekzosi ukutani. Chapa kama Isotemp na Elgena zina matangi ya aina hii, na mengi yalibuniwa kwanza kwa ajili ya mashua, mahali ambapo nafasi na nishati ni haba vilevile.

Masharti yake, hata hivyo, si madogo. Fundi hulazimika kukata mipira ya hita ya gari na kuunganisha mipya, kisha kutoa hewa yote iliyoingia, kwa sababu hewa ikibaki injini inaweza kuchemka. Valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi si ya hiari hapa, kwani maji yanaweza kutoka bombani yakiwa na joto la kuunguza ngozi mara moja. Tena, anayeegesha mahali pamoja kwa siku nne mfululizo atakuwa na maji baridi kuanzia siku ya pili, isipokuwa akiwa kwenye kambi yenye umeme wa kuunganisha koili. Kuwasha injini kwa ajili ya kuoga tu ni kupoteza mafuta na kuwaudhi majirani. Gari la umeme, bila shaka, haliingii katika hesabu hii.

Nafasi ya pili ni ya boila ya gesi yenye tangi, na kwa anayekaa muda mrefu mahali pamoja ningeipandisha iwe ya kwanza. Kilo moja ya propani, mojawapo ya gesi za mtungini, ina takriban kilowati-saa 12.8, kwa hiyo lita 10 za mfano wetu hutumia kiasi cha gramu 50 tu ukijumlisha upotevu, na mtungi mdogo hudumu. Jambo ambalo halina mjadala ni kwamba chumba cha kuchomea kiwe kimefungwa kabisa, kikivuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayoweza kuwamo katika moshi huo, haina harufu wala rangi, na gari ni chumba kidogo mno. King'ora cha kuitambua kinunuliwe siku ileile, bila kusubiri ajali.

Anayesafiri kwenye baridi aangalie pia aina ya gesi yenyewe: butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, wakati propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Vilevile aulize tangi limetengenezwa kwa kitu gani. Matangi ya chuma cha kawaida, kama ya Suburban, huwa na fimbo maalumu inayoliwa na kutu badala ya tangi, nayo hukaguliwa kila mwaka. Matangi ya chuma cha pua kwa kawaida hayaihitaji.

Hita za dizeli zinazopasha hewa na maji kwa pamoja, kama Truma Combi D 6 yenye tangi la lita 10, ninaziweka nafasi ya tatu, si kwa udhaifu wa kazi yake bali kwa sababu ya bei na matunzo. Ubora wake ni kwamba mafuta hutoka kwenye tangi la gari lenyewe, kwa hiyo hakuna mtungi wa kubeba wala kabati lake. Lakini hutumia umeme mwingi wakati wa kuwaka, hupiga kelele, na kwenye miinuko mirefu hukusanya masizi isiporekebishwa. Anayehitaji kupasha chumba usiku kucha ataridhika nayo; anayetaka maji ya kuogea tu anakuwa amenunua nusu ya kifaa asichokihitaji.

Hita ya gesi ya papo kwa papo, isiyo na tangi, huvutia kwa ahadi ya maji ya moto yasiyokwisha. Ahadi hiyo ina maana ndogo ndani ya gari lenye lita 70 za maji kwa jumla. Kila bomba likifunguliwa, maji baridi hutangulia na kumwagika bure, na pampu ndogo inayosukuma kwa mikupuo huifanya hita kuwaka na kuzimika. Zile za kubebeka ni za kutumia nje pekee.

Hita za betri ya volti 12 nazipa nafasi karibu na mwisho. Koili ya wati 200 itachukua zaidi ya saa mbili na nusu kwa lita 10 zetu, na kumaliza kama asilimia 40 ya betri ya lithiamu ya ampea-saa 100. Mwenye paneli nyingi za sola anaweza kuitumia kumalizia umeme wa ziada wa alasiri. Ile inayodai kupasha papo kwa papo kwa volti 12 isinunuliwe: lita 5 kwa dakika, kutoka nyuzi 15 hadi 40, zingehitaji zaidi ya ampea 700.

Unabaki mfuko mweusi wa kuanikwa juani, ambao hautegemei fundi wala mafuta bali mawingu, pamoja na birika. Birika si la kudharauliwa. Lita mbili zilizochemka, zikichanganywa na lita tano na kidogo za nyuzi 15, hutoa ndoo ya lita saba yenye joto la kuogea, na kwa anayesafiri mara mbili tatu kwa mwaka sioni sababu ya kutoboa ukuta wa gari.