MDN: darasa la bure la video na sauti kwenye tovuti

Mimi hurekodi harusi na vikundi vya taarabu hapa Tanga. HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa za tovuti, nilizijua za kupanga picha na maandishi tu. Nilitaka hatua ya pili: mgeni abonyeze jina la wimbo, video ianze, maneno yapite chini yake. MDN, maktaba ya mtandaoni ya masomo ya kutengeneza tovuti, iliyoanzishwa na Mozilla (wenye kivinjari cha Firefox) mwaka 2005, imenifikisha huko bila ada wala kujisajili.

Sehemu ya video na sauti ndiyo tamu. Hapo utaelewa kwa nini video yenye sauti haianzi yenyewe ukurasa ukifunguka: Chrome ilianza kuzuia hilo mwaka 2018, kwa hiyo unaweka muted (ianze bila sauti) au unasubiri mtu abonyeze. Kuna preload="none", inayoambia kivinjari kisipakue video kabla haijaombwa; kwa sisi wa bando la siku, hilo peke yake lina thamani ya kozi nzima. Maneno ya wimbo unayaandika kwenye faili la WebVTT, yaani faili la maandishi lenye kila mstari na muda wake, kisha unaliunganisha na video kwa alama ya HTML iitwayo track. Vitufe vyako mwenyewe unavitengeneza kwa JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa uitikie mtu anapobonyeza, na maelezo yake ni ya hatua kwa hatua.

Canvas, sehemu ya kuchora picha kwa JavaScript, niliipitia juu juu, biashara yangu haiihitaji.

Kiswahili hakimo, na hakuna mwalimu wa kukusahihishia kazi. Asiyewahi kugusa JavaScript atafute kwanza fundi wa kumkalisha chini wiki mbili tatu. Nyota nne kati ya tano.