Mafunzo ya uongozi kwa wazee Ujiji: mazuri, ila wino ule umenikera

Jamani, hasira bado ninazo. Juzijuzi hapa Ujiji wazee tuliitwa kwenye mafunzo ya uongozi na kujitolea. Shirika lililoandaa sitalitaja. Mafunzo yenyewe yana mazuri yake, nitayasema, ila kwanza hili.

Karatasi ya mahudhurio inazunguka, wanaume tunapewa kalamu. Ilipomfikia mama mmoja jirani yangu, mwezeshaji, kijana wa rika la wajukuu zetu, hata shikamoo hakutoa, akamsogezea wino: "Bibi, weka dole hapo." Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, nipe kalamu." Akajibiwa, "Tusichelewe bibi, wenzako wanasubiri." Kisha akamshika kidole mwenyewe, akakibandika! Mama akajifuta kwa pindo la kanga, hakutia neno tena mpaka saa ya chakula.

Huyo mama ndiye katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Daftari la michango liko kwake, na mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Ni mtu wa kisomo, zao la enzi zile Mwalimu Nyerere alipotangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Unamfundishaje mtu uongozi huku umemnyima kalamu?

Haya, mazuri. Binti aliyefundisha mchana, Mungu ambariki. Alitusalimu kwanza, akatufafanulia Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, kwamba ukifika miaka 60 unatambulika kuwa mzee, na kwamba baraza la wazee si la kupokea wageni tu, ni la kubeba hoja zetu kutoka mtaani hadi kata na kwenda juu. Tukaigiza kikao. Mzee mmoja aliyekuwa mvuvi kule Kibirizi alikiendesha mpaka wabishi wote wakatulia. Tukagawana palepale nani atawatembelea wagonjwa wasiotoka ndani. Kwa hayo nilishaamua kuwaambia nendeni, msikose.

Lakini tulipompendekeza yule mama aingie kwenye baraza, alikataa. "Mimi si nimeandikwa sijui kusoma?" Mtu anayetunza hela za mtaa mzima! Basi mniwie radhi, kwa sasa simshauri mtu aende. Yule kijana aje kwanza amwombe msamaha, na iwe mbele yetu sote, maana alimdhalilisha mbele yetu sote.