Maonyesho ya "Karamu ya Mwisho": niliyoyaona nilipompeleka mama

Ukikulia kwenye nyumba ya Wakatoliki, picha hii unaijua kabla hujalijua jina la mchoraji. Kwetu Kibosho ilikuwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo: kitambaa cha mahameli chenye nyuzi za dhahabu pembeni, Yesu katikati, mitume sita huku na sita huku. Mama alikuwa anakikung'uta vumbi kila Jumamosi. Kwa hiyo alipokuja kunitembelea huku Italia mwezi wa tano, alipumzika safari siku moja tu, kesho yake asubuhi akaniuliza, "Mwanangu, ile picha yenyewe iko mbali na hapa?"

Haiko mbali. Iko Milano, mwendo wa saa moja kwa treni kutoka ninapoishi, kwenye ukuta wa lililokuwa bwalo la chakula la watawa Wadominiko, Santa Maria delle Grazie. Kazi ni kuingia. Watu huingizwa kwa makundi madogo, kila kundi dakika 15, na tiketi zinawahiwa mapema sana. Nilipotafuta nafasi, siku zote ambazo mama angekuwepo zilikuwa zimejaa. Ndipo nikaona tangazo la maonyesho ya kuzunguka mji kwa mji, ya picha hiyo hiyo, yamewekwa kwenye ghala la zamani karibu na stesheni yetu: projekta, muziki, miwani ya uhalisia pepe. Tiketi yuro 17, wazee yuro 13. Nikakata mbili. Waandaaji siwataji. Nawaandikia ninyi mtakaokutana na maonyesho ya aina hii na kujiuliza kama pesa yenu itarudi.

Ukumbi wa kwanza ndio mkubwa. Unaingia gizani, kuta zote nne na sakafu vinawaka. Picha halisi ina upana wa mita 8.8 na kimo cha mita 4.6, lakini humo waliikuza mpaka uso wa Petro peke yake ukazidi kimo cha mlango. Dakika kama tano za mwanzo zilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia. Picha ilitulia, mwanga ukawa unapita polepole juu ya mkono mmoja hadi mwingine. Mama akanishika kiwiko. "Yuda yule. Angalia mkono."

Nikaangalia. Mkono wa kulia umeukaba mfuko wa fedha, vidole vimekunjwa kama vya mtu anayeogopa kuporwa. Mkono wa kushoto uko mezani, unaelekea sahani, na upande wa pili mkono wa Yesu nao unakuja huko huko. Mikono hiyo miwili haijagusana. Nyuma ya Yuda, Petro amemwinamia Yohana kumnong'oneza, na nyuma ya kiuno chake mwenyewe ameshika kisu. Nimeishi na picha hii miaka yote ya utoto wangu na kile kisu sikuwahi kukiona. Kwenye mahameli kilikuwa uzi mmoja wa kijivu.

Halafu wakaiharibu. Muziki ukapanda, mitume wakaanza kupepesa macho, Yohana akageuza shingo, Tomaso akawa anainua na kushusha kile kidole chake, maua yakamwagika kutoka darini, sakafu ikaanza kuzunguka. Mama akafumba macho kwa kizunguzungu, nikamtoa mpaka kwenye benchi la ukutani. Hapa ndipo ninapolalamika kwa dhati. Leonardo da Vinci, mchoraji wake, alichagua kuchora ile nukta ambapo Yesu amekwisha kutamka kwamba mmoja wao atamsaliti. Neno limetoka, linawafikia watatu watatu kama wimbi: Batholomayo amesimama, Andrea ameinua viganja, Filipo ameweka mikono kifuani anauliza ni mimi? Watu wale wamekwisha kushtuka. Ukiwapepesa macho kwa kompyuta unauondoa ule mshtuko, maana sasa wanasogea kwa sababu fundi amewasogeza, si kwa sababu wamesikia kitu.

Ukumbi wa pili ulikuwa mdogo, hauna muziki, na watu wengi waliupita mbio kutafuta miwani. Sisi tulikaa humo karibu saa nzima. Ni historia ya ukuta wenyewe. Desturi ya wachoraji wa Italia ilikuwa kupaka rangi juu ya lipu ikiwa bado mbichi, ili rangi na ukuta vikauke pamoja viwe kitu kimoja. Lakini njia hiyo inataka haraka, na Leonardo alikuwa mtu wa kurudi, kufuta, kutafakari. Basi kati ya mwaka 1495 na 1498 alipaka juu ya ukuta mkavu, kwa rangi za mafuta na za mayai. Mtu yeyote aliyewahi kupaka rangi nyumba yenye unyevu anajua kilichofuata. Ikaanza kubanduka yeye mwenyewe akiwa hai. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, aliiona mwaka 1566 na kusema haionekani tena ila madoa.

Mwaka 1652 watawa walitaka mlango mrefu zaidi, wakaukata chini katikati ya picha, na miguu ya Yesu ikaenda na kifusi. Mama alipoelezwa hilo alikaa kimya, kisha akasema, "Watawa? Wenyewe?" Nikamwambia ndiyo, wenyewe. Baadaye wakaja askari wa Napoleon, wakalifanya bwalo zizi la farasi.

Ila kilichotushika kweli ni picha moja ya mnato, nyeusi na nyeupe, iliyowekwa peke yake ukutani. Agosti 1943, vita vya pili vya dunia. Bomu limeangukia jengo usiku. Paa hakuna, ukuta wa upande umelala chini, mawe yamejaa pale walipokuwa wakila watawa. Mwishoni mwa kifusi umesimama ukuta mmoja, umefunikwa na mifuko ya mchanga na mbao, na nyuma ya mifuko hiyo ndiko walikokuwa Yesu na mitume. Mama alifanya ishara ya msalaba. Nadhani kwa ajili ya picha hii moja ningelipa tena.

Meza ya skrini ya kugusa iliyokuwa humo pia naipa sifa. Inahusu ukarabati wa Pinin Brambilla Barcilon, mama aliyesimamia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20 mpaka mwaka 1999, akiondoa kwa hadubini, kipande kwa kipande, gundi na rangi walizorundika wakarabati wa kale. Unapitisha kiganja juu ya kioo, uchafu unaondoka, chakula kinatokea: mikate, glasi za divai, kitambaa cha meza chenye mapambo ya buluu pembeni, na sahani za samaki aina ya mkunga na vipande vya machungwa. Mama alirudia kufuta sahani ile mara tatu. "Samaki na machungwa," akasema. "Hawakuwa na ndimu?" Tukabishana jambo hilo hadi nyumbani.

Miwani ya uhalisia pepe: foleni dakika 40, matumizi dakika 6. Inakuweka katikati ya bwalo kama lilivyokuwa zamani, na uzuri wake ni kukuonyesha kwamba mistari ya dari kwenye picha inaendeleza kuta za chumba chenyewe, hivyo watawa wakila walikuwa kama wanakula na Yesu meza ya pili. Mistari yote inakutana penye kichwa chake. Kwenye picha halisi kuna tundu la msumari hapo pembeni mwa uso, Leonardo alipofungia kamba ya kupimia. Lakini lenzi za miwani yangu zilikuwa na ukungu na ile ya mama haikukaa vizuri juu ya kilemba. Kijana mhudumu alikuwa mpole, alimsaidia kwa subira, ila vifaa vilikuwa vimechoka.

Lipo bango moja nisiloweza kulinyamazia. Linauliza, kwa herufi kubwa, kama yule aliye kuumeni kwa Yesu ni mwanamke. Kisha halijibu. Yule ni Yohana. Wachoraji wa Italia wa enzi hizo walimchora Yohana kijana, hana ndevu, nywele ndefu, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote, na mtu aliyeandaa maonyesho mazima juu ya picha hii analijua hilo. Kumwacha mgeni aliyelipa aondoke na uvumi ni kumkosea. Maelezo yote pia ni ya Kiitaliano na Kiingereza tu. Nilikuwa mkalimani wa mama mwanzo hadi mwisho, na nilimwona mzee mmoja wa Kisenegali akimfanyia mkewe vivyo hivyo kwa Kiwolofu.

Je, nawashauri mwende? Kama mnaweza kupata tiketi ya Milano, pesa hii ongezeeni nauli ya treni. Kama hamwezi, nendeni, lakini siku ya kazi asubuhi, mkae kwenye mabenchi ya ukutani katika ukumbi wa kwanza, na maua yakianza kumwagika mtoke. Muda wenu uwekeni chumba cha pili. Mwenye kizunguzungu asiguse miwani.

Mwisho wa chumba hicho kuna picha kubwa ya nakala iliyochorwa karibu mwaka 1520 na Giampietrino, mmoja wa watu wa karakana ya Leonardo, kabla mlango haujakatwa. Ni nakala inayomilikiwa na Royal Academy ya London. Humo kikopo cha chumvi alichokiangusha Yuda kwa mkono kinaonekana wazi, na chini ya meza miguu ya Yesu ipo. Mama aliitazama muda mrefu, kisha akaniomba simu. Alimpigia kaka yangu Kibosho, huko ilikuwa mchana, akamwambia apande kiti aangalie kile kitambaa juu ya kabati kama kina miguu. Tulisubiri tumesimama pale pale. Picha ikaja: vidole vya kaka vimeshika ukingo wa mahameli, na chini ya meza, kwa uzi wa kahawia uliofifia, miguu miwili.