The Weight of Feathers: mapenzi kati ya koo mbili ambazo hazijaanua matanga

Nimemaliza The Weight of Feathers, riwaya ya kwanza ya Anna-Marie McLemore, iliyotoka 2015. Naiandikia kwa sababu wengi wataipita wakidhani ni hadithi nyingine ya vijana wanaopendana huku wazee wao hawapikiki chungu kimoja.

Koo zenyewe ni za wasanii wa kuhamahama. Akina Paloma huogelea wakijifanya nguva, na miilini wana alama za kuzaliwa mfano wa magamba ya samaki. Akina Corbeau hucheza juu ya miti wakiwa wamevaa mabawa, na chini ya nywele zao huota manyoya ya ndege. Wanakutana Almendro, mji mdogo wa California, na hapo hakuna amani. Lace Paloma amekuzwa akiamini kwamba kuguswa tu na Corbeau ni balaa. Kisha ajali ya kiwanda cha gundi inamwaga mvua ya kemikali, na anayemwokoa ni Cluck, kijana wa Corbeau.

Uchawi wenyewe hauelezwi, wala sikuona haja. Kilichonishika ni msiba. Zamani ziwa lilifurika likaua watu, kila ukoo ukazika wake, na kila upande unaapa kuwa wenzao ndio waliosababisha. Hapo McLemore amenigusa sana: hawa watu wanaogopa kusameheana kwa sababu chuki ndiyo njia pekee waliyobaki nayo ya kuwakumbuka marehemu wao. Ndiyo maana Lace anapofukuzwa kwao na kwenda kuwapaka vipodozi wasanii wa Corbeau, nilisubiri kwa hamu zaidi agundue kwamba huko nako watu wanalia kuliko nilivyosubiri busu. Mapenzi yao yanakua taratibu, kwa kutazamana na kutunzana majeraha, na niliyaamini.

Mwanzo unakokota. Lugha ina mapambo mengi, na Kihispania na Kifaransa vimechanganywa humo. Siri kubwa nazo zinafichuliwa kwa haraka mno mwishoni. Ningependa kurasa zaidi za watu kuzimeza habari hizo.

Mjue mapema: jinsi Cluck anavyoteswa na ndugu zake inaumiza kusoma. Anayetaka uchawi wenye kanuni na vita hatakipenda kitabu hiki. Aliyefiwa karibuni akisome polepole, lakini akisome.