Miche ya kivulini kwa wauza maua wa Dar: ipi inafaa ubavuni mwa nyumba

Mwombe muuza maua wa kando ya barabara Dar es Salaam mmea wa kivulini usiopukutisha majani, naye atakuonyesha karibu kila chenye jani zito. Miche yenyewe kwa kawaida ni mizuri. Maelezo yake ndiyo hafifu, kwa hiyo nenda ukiwa unajua kivuli cha ukuta wako ni cha aina gani.

Ukuta unaotazama kusini hauna kivuli mwaka mzima. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua la mchana huegemea kusini, na kitanda cha maua kilichokuwa na ubaridi Julai huunguzwa Januari, isipokuwa kama uzio au nyumba ya jirani inakikinga.

Kwa kivuli kizito, anza na masale, Dracaena fragrans. Ni mmea wa misitu ya huku kwetu, na Wachaga huupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani. Hauhitaji mbolea nyingi, na ukirefuka kupita kiasi unakata shina. Chini litachipua upya, na kipande cha juu utakichomeka ardhini kiote. Adui yake ni maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huunguza ncha za majani. Mwagilia kwa maji ya bomba au ya mvua. Rhapis, ule mmea mfupi wa jamii ya minazi wenye vishina vingi, hukua polepole na bei yake iko juu, lakini kwa pembe yenye giza unastahili hiyo bei. Schefflera arboricola ni kwa kivuli chepesi, na hukubali kupunguzwa na kuwa uzio wa mimea.

Krotoni usiinunue kwa kivuli kizito. Itaishi, lakini rangi nyekundu na njano zilizokuvutia zitafifia ibaki kijani tupu. Iksora nayo haitatoa maua ya maana pasipo jua la saa kadhaa. Na Ficus benjamina, hata ikiwa ndogo na ya kupendeza kwenye kiriba, isikaribie nyumba kabisa: mizizi yake huinua sakafu na kuingia kwenye mabomba na shimo la maji taka.

Kabla ya kulipa, inua kiriba. Kikigoma, mizizi imeshatoboa na kushika ardhi. Ikikatwa pale, mche utanyauka nyumbani. Angalia pia chini ya majani na kwenye vikonyo kama kuna unga mweupe wa wadudu waitwao vidung'ata. Mche uliokuwa juani usiupeleke kizani moja kwa moja. Uweke kwenye kivuli chepesi wiki mbili, la sivyo utaangusha majani.

Kazi kubwa iko kwenye udongo. Chini ya ukuta mara nyingi kumefukiwa vipande vya matofali na saruji, na chokaa yake hufanya majani yawe njano huku mishipa ikibaki kijani. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, kifusi chote ukitupe mbali, kisha jaza ndoo tatu za udongo wa juu kwa ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri. Panda angalau sentimita 60 kutoka ukutani, nje ya mstari wa matone ya paa. Palipo karibu zaidi mvua haifiki, na penye matone udongo huchimbika na mizizi kubaki wazi.

Maji lita 10 kwa kila mche, mara mbili kwa wiki, yanatosha miezi miwili ya mwanzo. Baadaye chomeka kidole kwanza: kivulini udongo hukauka taratibu, na masale mengi hufa kwa kuozeshwa mizizi. Matandazo yawe ya sentimita 5, lakini yasiguse ukuta, maana mchwa hupitia humo kupanda hadi kwenye fremu za milango.